Mafuta ya Taa: Maana na Matumizi ya Jina Lake Thika na Ruiru

1. Utangulizi

Jina "mafuta ya taa" halijawashughulisha sana wanaisimu, kwa sababu sehemu zake zote ni nyepesi kueleweka: kuna mafuta, kuna taa, na kati yake kuna kiunganishi cha uhusiano. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wepesi huo ni wa juu juu. Katika miji ya Thika na Ruiru, Kaunti ya Kiambu, jina hili limekwisha kuachana na maana ya sehemu zake. Kuachana huko kunawahusu watunga kamusi, na kunamhusu pia mnunuzi aliyesimama mbele ya kibanda akiwa na chupa mkononi.

2. Asili ya jina

Kitu chenyewe ni haidrokaboni, yaani mchanganyiko wa misombo ya haidrojeni na kaboni inayotenganishwa na mafuta ghafi kwa joto. Majina yake ya kigeni ni mawili. La kwanza, "parafini", lilitungwa na Mjerumani Karl von Reichenbach mwaka 1830 kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "udugu mdogo", kwa kuwa kitu alichokipata, kilichokuwa nta, hakikuungana kwa urahisi na kemikali nyingine. La pili, "kerosini", lilitungwa na Abraham Gesner, mzaliwa wa Kanada, katika miaka ya 1850, kutokana na neno la Kigiriki la nta. Waingereza walilihamishia jina la kwanza kwenye mafuta. Wamarekani wakalibakiza kwa nta. Kenya, iliyotawaliwa na Waingereza, ikarithi "parafini".

Kiswahili kilifuata njia yake. Hakikuuliza kitu kimeundwa na nini, bali kinafanya kazi gani. Ndivyo tulivyopata mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka, mafuta ya ndege na mafuta ya taa. Ni vyema kukumbuka kwamba mafuta ya ndege za jeti na mafuta ya taa ni karibu kitu kimoja kikemia. Kilichoyatenga katika lugha ni kazi.

Neno "mafuta" lenyewe ni la Kibantu, na Thika ni mahali pazuri pa kulichunguza, kwa kuwa ni mji unaopakana na Ukambani. Sokoni Mkikuyu husema "maguta", Mkamba "mauta", na msemaji wa Kiswahili "mafuta". Mzizi ni mmoja, unaokisiwa kuwa *-kuta. Katika Kiswahili, /k/ iliyotangulia irabu /u/ ya juu kabisa iligeuka /f/. Katika Kikuyu, sauti hiyo ililegea kwa sababu silabi inayofuata ina /t/, kwa mujibu wa Sheria ya Dahl. Katika Kikamba ilidondoka. "Taa", kwa upande wake, iliingia katika Kikuyu kwa umbo la "tawa", na katika Kijaluo kwa umbo la "taya". Ndipo Mjaluo akasema "mo taya", yaani mafuta ya taa. Hivyo jina la Kiswahili lilisafiri hadi bara likiwa muundo kamili: nusu yake ikatafsiriwa, nusu ikakopwa.

3. Matumizi ya sasa

Katika usemi wa Thika na Ruiru, maumbo matatu husikika:

(a) Nipimie mafuta ya taa.
(b) Stovu imeishiwa na mafuta taa.
(c) Leo mafuta yamepanda bei.

Umbo (a) ndilo sanifu. Umbo (b) limedondosha kiunganishi "ya", kama ilivyo katika "askari kanzu". Udondoshaji huu si uzembe wa msemaji. Ni dalili kwamba kirai kimekuwa neno moja. Dalili nyingine ni ya kimaana. Mtu aweza kusema bila kujipinga: "Hatuna taa ya mafuta, lakini tunanunua mafuta ya taa." Koroboi na kandili zimepungua, na kwa mtoto wa Ruiru leo "taa" ni ya stima. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa takriban nusu ya kaya zilipata mwanga kutokana na umeme wa gridi, na kwamba asilimia 7.8 zilipika hasa kwa mafuta ya taa. Jina linataja taa; kazi iko kwenye stovu.

Umbo (c) ndilo lenye utata mkubwa. Kwa dereva kituoni, "mafuta" ni petroli au dizeli. Kwa mfanyakazi wa Bidco, kampuni yenye kiwanda mjini Thika, ni mafuta ya kupikia. Kwa mpangaji wa Kiandutu au Githurai anayetumia stovu, aghalabu ni mafuta ya taa. Muktadha hutosha kuondoa utata huo mara nyingi, lakini si mara zote.

4. Athari za jina

Athari ya kwanza ni ya usalama. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Mafuta ya taa huhitaji joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Neno "mafuta" halisemi tofauti hiyo. Huko Sachangwan tarehe 31 Januari 2009, na katika mtaa wa Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, watu walikimbilia kuchota petroli iliyomwagika, na katika kila mkasa wakafa wapatao 100 au zaidi. Umaskini ndio uliowasukuma, wala si msamiati. Hata hivyo, jina lililokuwa vinywani halikubeba onyo lolote. Vivyo hivyo, mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda bila kuandikwa jina ni sumu inayomngoja mtoto mwenye kiu.

Athari ya pili ni ya sheria. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, wafanyabiashara waliyachanganya na dizeli. Tanzania iliongeza kodi yake mwaka 2011, na huko ndiko kitenzi "kuchakachua" kilikotoka kwenye matangi ya mafuta kikaingia katika siasa kwa maana ya kuharibu kura. Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Sheria ilimlenga mchakachuaji, lakini mzigo ukamfikia pia mpishi wa chumba kimoja, ambaye jina la bidhaa halimtaji kabisa.

Athari ya tatu ni ya istilahi. Nyaraka za sensa zimeandika "parafini" kwa Kiingereza; taarifa za bei za kila mwezi huandika "kerosini"; mnunuzi hujua "mafuta taa". Majina matatu ya kitu kimoja yanamlazimu msomaji wa kawaida kutafsiri kabla ya kuelewa.

5. Hitimisho

Haipendekezwi kwamba jina lifutwe kwa kuwa taa zimezimika. Lugha haiyaachi majina yake kwa sababu hiyo. Neno "meko" lilikuwa wingi wa jiko, na leo nchini Kenya hutaja mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu yake. Kinachotakiwa ni mambo mawili. Kamusi ziingize "mafuta ya taa" kama kidahizo kamili, pamoja na umbo "mafuta taa", na fasili itaje stovu kabla ya taa. Nazo taarifa za serikali na maandishi ya vyombo vya kuuzia yatumie jina hilo hilo kwa ukamilifu, si "mafuta" peke yake. Neno linalotenganisha kimiminika kimoja na kingine chenye hatari zaidi halistahili kufupishwa pale ambapo ufupisho unaweza kugharimu uhai.