Waranti ya nyongeza ya kompyuta: Isome kabla ya kulipa

MNUNUZI wa kompyuta anapofika kulipa, mara nyingi muuzaji humshawishi aongeze fedha ili apate waranti ya nyongeza. Je, kuna haja?

Kwa kawaida, mtengenezaji hutoa waranti ya mwaka mmoja bila malipo ya ziada. Kasoro nyingi za kiwandani hujitokeza miezi ya mwanzo, hivyo nyongeza huanza wakati hatari hiyo imekwishapungua.

Aidha, waranti nyingi hazihusu kompyuta iliyoanguka, iliyomwagikiwa maji, iliyounguzwa na umeme wa kupanda na kushuka, wala betri iliyochoka.

Tuseme kompyuta inauzwa Sh1,200,000 na nyongeza ya miaka miwili ni Sh200,000. Fedha hizo zikiwekwa akiba, zitamlipa fundi kifaa kikiharibika. Kisipoharibika, zitabaki kuwa za mwenyewe.

Hata hivyo, nyongeza inaweza kumfaa anayeitegemea kompyuta kwa riziki yake na hana akiba, mradi mkataba utaje ajali waziwazi.

Kabla ya kutia saini, uliza: nani atakayetengeneza, yuko wapi, na kwa siku ngapi? Muuzaji akishindwa kuonyesha majibu hayo kwa maandishi, ni heri kubaki na fedha zako.