Watoto wa Darasa la Awali na Shule Zilizofungwa Mwaka 2020

Mtoto aliyeandikishwa darasa la awali Januari 2020, awe wa Kihonda au wa Kinole, alikuwa na miaka mitano hivi. Siku za kwanza alilia mama alipogeuka kuondoka. Kisha akazoea: akamjua mwalimu, nyimbo za asubuhi, na rafiki wa kukaa naye. Tarehe 17 Machi, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, shule zikafungwa. Za msingi zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Tukihesabu, mtoto huyo alikaa nyumbani karibu wiki 15, kuliko zile wiki 10 hivi alizokuwa amekaa darasani.

Sisi wakubwa tulihesabu vipindi vilivyopotea. Mtoto mdogo alipoteza mpangilio wa siku: kuamka, kunawa, kwenda na kurudi. Vyote vilikoma ghafla, mara nyingi bila mtu kumweleza kwa nini. Kwa kuwa hana maneno ya kusema ana wasiwasi, mwili na tabia vinasema badala yake. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Mwingine anang'ang'ania kanga ya mama, anapiga wadogo zake, anashtuka usiku, au ananyamaza tu. Ni kurudi nyuma kwa muda, na kwa kawaida hali hiyo hupungua utulivu ukirudi. Lakini majumbani kwetu huitwa utundu, na dawa yake ni fimbo, ambayo humwongezea hofu ileile iliyomfanya akojoe.

Milimani na mjini hali haikuwa moja. Machi hadi Mei ni masika, na huko juu Uluguru mtoto angeweza kufuatana na bibi shambani na kucheza na binamu zake. Masomo hakupata, ila watu alikuwa nao. Mjini, kwenye nyumba za kupanga, mzazi mwenye hofu ya ugonjwa alimzuia mwanawe asitoke, kipato kikipungua na ugomvi wa wakubwa ukisikika nyuma ya pazia. Vipindi vya redio na televisheni vilisaidia wakubwa zaidi; mtoto wa miaka mitano anahitaji mtu wa kumjibu.

Tulipata nafuu kwa kuwa serikali haikufunga makanisa, hivyo kwa familia zilizoendelea kusali, Dominika ilibaki Dominika. Jirani zetu Uganda walisubiri hadi Januari 2022 shule zote zifunguliwe.

Juni ilipofika, ilibidi wengi waanze upya kuzoea kuachwa getini. Watoto hao walifika darasa la tano mwaka 2025, na wengi wamepita au wanapita katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Si kila ukimya wa mtoto umetoka mwaka ule. Hata hivyo, mkatekista au frateri aliye kwenye mwaka wa kichungaji, akimwona mmoja anayekaa karibu na mlango kila Jumamosi, kabla ya kumkemea amuulize bibi yake: mwaka wa korona nyumbani kulikuwaje?