Mwenye Mwili Asiwe wa Mwisho Kujua

Mgonjwa aliyewekewa betri ya moyo hubeba kifuani kompyuta ndogo isiyolala. Inahesabu mapigo, inaamua lini ipeleke umeme kidogo kuuchochea moyo unaosuasua, na inaweka kumbukumbu ya kila ilichokiona. Aina nyingi za siku hizi huzituma kumbukumbu hizo kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kifaa cha kando ya kitanda, kisha kwenye mitambo ya kampuni iliyoitengeneza, na daktari huzisoma huko. Mwenye moyo, mara nyingi, hazioni. Wakati huohuo, mwanamke anayeandika siku zake za hedhi kwenye programu ya simu anaweza kuwa anazifikisha kwa kampuni za matangazo pasipo kujua. Mambo haya mawili huzungumzwa mbalimbali, la kwanza likiitwa usalama na la pili faragha. Kwangu mimi ni kosa moja lenye nyuso mbili: vifaa vya afya vimejengwa kwa namna inayomfungia nje mwenye mwili huku ikiwafungulia wengine. Kosa hilo lisiporekebishwa, ushauri wa kubadilisha nywila kila mara hautatufikisha mbali.

Hofu ya kwanza ya watu wengi ni wadukuzi, na hofu hiyo haikuzuliwa. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya Washington na Massachusetts, wakishirikiana na daktari wa moyo wa Boston, waliweka mezani kifaa cha kushtua moyo cha aina iliyokuwa ikitumiwa na wagonjwa, wakakisogezea mtambo wa redio uliounganishwa na kompyuta. Walisoma taarifa za mgonjwa zilizokuwa ndani yake, wakazima tiba yake, wakakiamuru kitoe umeme. Mwaka 2011 Jay Radcliffe, mtaalamu wa usalama wa kompyuta ambaye mwenyewe ana kisukari, alionyesha katika mkutano wa Las Vegas kwamba pampu ya insulini ya aina aliyoivaa ingeweza kuamriwa na mtu mwingine kwa mbali. Insulini ikizidi, sukari hushuka, mtu huzimia, na anaweza kufa. Agosti 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba betri za moyo zipatazo 465,000 nchini humo, zilizotengenezwa na St. Jude Medical kabla na baada ya kununuliwa na Abbott, zilihitaji programu mpya ili kuziba mwanya wa kudukuliwa. Aliyetaka programu hiyo ilimbidi aende kliniki. Kazi yenyewe ilichukua kama dakika 3, na kwa muda huo betri iliupigisha moyo mapigo 67 kwa dakika, mwili uhitaji zaidi au usihitaji. Madaktari walilazimika kupima hatari mbili ndogo: ile ya mdukuzi, na ile ya kifaa kukwama kinapobadilishiwa programu ndani ya kifua cha mtu.

Lakini katika tangazo lilelile FDA ilisema haikuwa na taarifa ya mgonjwa yeyote aliyedhuriwa na wadukuzi kupitia betri hizo. Wagonjwa wameumizwa zaidi na makosa ya kawaida ya programu na mipangilio, na hapa ndipo usiri unapoonyesha gharama yake. Marie Moe, mtafiti wa usalama wa kompyuta kutoka Norway, aliwekewa betri ya moyo mwaka 2011. Muda mfupi baadaye alikuwa akipanda ngazi za kituo cha treni cha Covent Garden jijini London, na ghafla nguvu zikamwishia. Amesimulia hadharani kwamba betri yake ilikuwa imewekewa kikomo cha mapigo kilichomfaa mzee kuliko mwanamke kijana kama yeye, na kwamba mtambo wa hospitali ulionyesha kwenye kioo mipangilio tofauti na ile iliyokuwa ndani ya kifaa. Hapakuwa na adui yeyote. Mmarekani Karen Sandler, mwanasheria mwenye kifaa cha kushtua moyo, alipokuwa mjamzito alishtuliwa na kifaa chake bila sababu, kwa kuwa kiliyasoma mapigo ya kawaida ya mama mjamzito kuwa ni hatari. Kabla ya hapo alikuwa amewaomba watengenezaji wamruhusu kuona maandishi ya programu inayoendesha kifaa hicho. Walimkatalia. Mtu anaishi na programu ndani ya mwili wake, inaweza kumshtua wakati wowote, na sheria inalinda haki ya kampuni kuificha kuliko haki yake ya kuijua.

Watengenezaji wana jibu, na si jibu la kupuuzwa. Wanasema kuweka wazi namna kifaa kinavyofanya kazi ni kumwandikia mhalifu mwongozo. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama usiri ungekuwa umeziba mianya. Tazama tena mifano niliyoitoa: watafiti wa 2008 walikuwa watu wa nje, Radcliffe alikuwa mteja, na mwanya wa betri za 2017 ulianza kutajwa na kampuni ya nje, huku mtengenezaji akikana mwanzoni na hata kwenda mahakamani. Kila mara waliochungulia bila kualikwa ndio waliogundua. Mhalifu mwenye nia haombi ruhusa. Anayezuiwa na usiri ni mtafiti mwaminifu na mgonjwa. Marekani yenyewe imeanza kulikubali hilo. Oktoba 2015 mamlaka za hakimiliki nchini humo ziliwaruhusu wagonjwa kuzifikia taarifa zinazotoka kwenye vifaa vilivyopandikizwa miilini mwao bila kuhesabiwa wavunja sheria. (Kwamba ilihitajika ruhusa maalumu ili mtu asome mapigo ya moyo wake bado kunanishangaza.) Na sheria iliyopitishwa Desemba 2022 inamtaka mtengenezaji wa kifaa tiba chenye kuunganishwa na mtandao aikabidhi FDA orodha ya programu zote zilizomo ndani yake, pamoja na mpango wa kuziba mianya itakayogunduliwa kifaa kikiwa tayari sokoni.

Pingamizi gumu zaidi ni la madaktari: mgonjwa akipewa kila kitu atababaika kwa kila namba, au ataanza kuchezea asichokijua. Hofu hii inatoka kwenye huruma, na kwa wagonjwa wengine ni ya kweli. Hata hivyo tuwatazame wagonjwa wa kisukari, ambao tangu zamani wamekabidhiwa sindano ya insulini waende nayo nyumbani, dawa inayoweza kuua kwa kipimo kibaya. Dana Lewis wa Seattle, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, alikuwa na kipima sukari ambacho kengele yake haikutosha kumwamsha usiku. Yeye na mwenzake Scott Leibrand walianza kwa kutengeneza kengele kubwa zaidi, wakaishia na mfumo unaosoma sukari na kurekebisha insulini wenyewe, na mwaka 2015 wakaugawa bure kwa jina la OpenAPS. Ulifanya kazi na pampu za zamani za Medtronic kwa sababu pampu hizo zilipokea amri za redio kutoka nje. Juni 2019 FDA iliwaonya wenye pampu za namna hiyo wazibadilishe, kwa kuwa mtu mwingine angeweza kuziamuru, nazo hazikuweza kurekebishwa. Mwanya ulioweza kumuua mtu ndio uliompa mwingine usingizi wa usiku kucha. Ilichokosa pampu ile ni uwezo wa kumtambua mwenyewe na kumkatalia mgeni. Haikuwa na haja ya kuwakatalia wote wawili. Januari 2023 FDA iliidhinisha Tidepool Loop, programu ya kurekebisha insulini iliyotokana na kazi ya wagonjwa na wazazi wao. Waliodhaniwa watachezea wasichokijua walikuwa wametangulia.

Sasa linganisha ukali huo wa kumfungia mgonjwa kifaa chake na ulegevu ulioko upande wa simu. Januari 2021 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza maafikiano na kampuni ya Flo, ambayo programu yake ya kufuatilia hedhi na ujauzito ilikuwa imetumiwa na zaidi ya watu milioni 100. Tume ilidai kwamba Flo iliwaahidi wanawake kuwa taarifa zao zingebaki siri, ilhali ilizipeleka kwa Facebook, Google na wengine, ikiwamo taarifa kwamba mtumiaji ni mjamzito. Sheria ya Marekani ya siri za matibabu, ya mwaka 1996, inazibana hospitali na kampuni za bima. Programu kama hii kwa kawaida haiguswi nayo. Ni sawa na mpangaji anayenyimwa ufunguo wa chumba chake kwa hoja kwamba wezi ni wengi, huku madalali wakiingia na kutoka watakavyo.

Kuna watakaosema haya ni ya Marekani, ya wenye pampu na saa janja. Lakini Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam inawawekea wagonjwa betri za moyo, na programu za hedhi zimo kwenye simu za wasichana wa Mwanza na Kisumu. Na siri ya ugonjwa ikitoka haina njia ya kurudishwa. Februari 2015 Rais wa Kenya wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza yakusanywe majina ya watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Asasi za kiraia zilikwenda Mahakama Kuu, ambayo Desemba 2016 ilitamka kwamba agizo hilo lilivunja Katiba. Tangu hapo Kenya imetunga sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti na zinampa mhusika haki ya kuziona. Haki hiyo itakuwa ya karatasi tu ikiwa taarifa zimo ndani ya kifaa kinachofunguka kwa mtambo wa kampuni moja. Serikali ni mnunuzi mkubwa wa vifaa tiba, kupitia Bohari ya Dawa nchini Tanzania na mamlaka ya ugavi wa dawa, KEMSA, nchini Kenya, na mnunuzi mkubwa husikilizwa. Orodha ya programu ambayo FDA inapewa inaweza kudaiwa hapa pia, pamoja na muda ambao mtengenezaji ataendelea kuziba mianya. Sharti kwamba mgonjwa apewe nakala ya kumbukumbu za kifaa chake kila anapoiomba linaweza kuandikwa katika zabuni ijayo, bila kusubiri Bunge.