Laptopu yako haijazeeka, imelemewa
Kabla ukimbie Luthuli kununua laptopu mpya, nisikize. Yangu ina RAM ya GB 2 tu, na tangu niache chuo ndiyo hunilipia kodi ya nyumba. Ilipoanza kukwama katikati ya kazi ya mteja, niliondoa mapambo ya Linux nikaweka i3, programu ya kupanga madirisha iliyoanzishwa 2009 na Mjerumani Michael Stapelberg. Madirisha hujipanga yenyewe bega kwa bega, nawe unayaamuru kwa kibodi. Siku za kwanza utakereka, kisha vidole vitazoea. Kukariri vitufe kunakuboesha? Jaribu Openbox: pia ni nyepesi, na mausi yako haikosi kazi. Zote ni za bure. Ziweke pamoja, uchague moja unapoingia. Ile itakayokuacha ufanye kazi bila kuifikiria, hiyo ndiyo yako.