Saa 48 si Siku Mbili za Kompyuta

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 23, yaamuru kwamba mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa, asipoachiliwa mapema, afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya kupita saa 48 tangu kukamatwa. Pale ambapo kompyuta imechukua nafasi ya daftari la kituo, askari hana budi kufahamu jinsi mashine hiyo inavyohesabu siku.

Tuchukue mfano. Mshukiwa amekamatwa Ijumaa saa 1 asubuhi. Muda wake wakwisha Jumapili saa 1 asubuhi. Lakini kompyuta ikiulizwa ni mahabusu gani waliozidi siku mbili, nayo ikahesabu tarehe tu, jina lake halitaonekana Jumapili nzima, ingawa ifikapo saa 5 usiku atakuwa amekaa kizuizini kwa saa 64. Kinyume chake, aliyekamatwa saa 5 na dakika 50 usiku atahesabiwa amemaliza siku moja baada ya dakika 10 tu, kwa kuwa tarehe imebadilika. Ndivyo ifanyavyo amri ya DATEDIFF katika SQL Server inapoagizwa kuhesabu siku: huhesabu ni mara ngapi usiku wa manane umevukwa, wala haipimi muda uliopita.

Njia iliyo salama ni kuandika tarehe pamoja na saa na dakika, kisha kuiamuru kompyuta iongeze saa 48 juu ya wakati wa kukamatwa na kuonyesha kila ambaye muda wake unakaribia kwisha. Jumamosi na Jumapili zisirukwe. Kuziruka kwafaa katika hesabu ya likizo ya siku za kazi, bali katika hesabu ya mahabusu ni kuvunja sheria.

Jambo la pili ni namba za siku. Kwetu sisi Jumamosi ndiyo siku ya mosi. Katika MySQL, amri ya DAYOFWEEK huipa Jumapili namba 1, na amri ya WEEKDAY huipa Jumatatu 0. PostgreSQL, kwa amri yake ya dow, huipa Jumapili 0. Kwa hiyo namba 1 yaweza kuwa Jumapili, Jumatatu au Jumanne, na lango likakosa mlinzi kwa sababu hiyo tu.

Tatu, saa za Kiswahili huanzia mapambazuko, ilhali za kompyuta huanzia usiku wa manane. Saa 2 usiku huandikwa 20:00. Aandikaye 2:00 amekosea kwa saa 18, na hesabu yote inayofuata imepotoka.

Basi, ndugu askari, kabla ya kuiamini orodha, uliza imehesabiwaje. Kompyuta hutii swali kama lilivyoulizwa, lakini atakayesimama mbele ya hakimu kueleza kuchelewa si kompyuta.