Kaa, tazama, ndipo uulize

Ndugu mhudumu wa afya, umewahi kuitisha mkutano, ukauliza kama vyoo vipya vinafaa, watu wote wakajibu "ndiyo, tunashukuru", na mwezi uliofuata ukakuta vyoo hivyo vimegeuzwa stoo ya kuni? Wengi wetu hapo husema watu hawajaelimika, kisha tunaandaa semina nyingine. Makala hii inakuomba uanze mahali pengine.

Kuna namna ya kazi ambayo humweka mtumiaji mbele. Kabla ya kujenga choo, kupanga foleni ya kliniki au kuandika bango, unajifunza kwanza maisha ya atakayekitumia. Halafu unatengeneza mfano rahisi, anaujaribu, unarekebisha. Sehemu ile ya kujifunza maisha imeazimwa kutoka etnografia, yaani elimu ya wale wanaokaa na watu na kuandika jinsi wanavyoishi.

Kwa nini kuuliza mkutanoni hakutoshi? Kwa anayefanya kazi Gitega au Muyinga, jibu liliandikwa zamani. Mtafiti Ethel Albert, aliyeishi Burundi katika miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1964 maelezo ya adabu ya mazungumzo ya Warundi. Mkubwa kwa umri au cheo ndiye aliyesema kwanza, na mdogo alianza kwa kukubaliana naye hata kama moyoni alikuwa na lake. Wanawake walinyamaza mbele ya wanaume. Kujua neno linalofaa mbele ya mtu fulani kulihesabiwa kuwa akili, si uongo. Vita, shule na ukimbizi vimebadilisha mengi tangu wakati huo, kwa hiyo usichukue maandishi hayo kuwa picha ya Mrundi wa leo. Lakini ukisimama kilimani na gari la shirika nyuma yako, jiulize umekaa wapi katika safu hiyo ya wakubwa, na ni nani atathubutu kukwambia kwamba choo chako hakifai.

Usidhani pia kwamba ulichojifunza mjini Gitega kitafaa vilevile katika kambi ya Kinama, Gasorwe, huko Muyinga. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 2002 kwa ajili ya Wakongo, na wengi wao husema Kiswahili, huku majirani zao wa vilimani wakisema Kirundi.

Basi anza kwa kukaa. Omba ruhusa kwa kiongozi, kisha kwa mwenye nyumba. Mweleze wazi kwamba hukuja kuhesabu watu wala kugawa kadi za chakula, maana kambini kila mwenye daftari hudhaniwa ana orodha. Fuatana na mama kuchota maji. Angalia ni nani anabeba bidoni, inawekwa wapi, nani anaifikia. Sabuni iko wapi? Huenda imefichwa ndani kwa kuwa ni ya thamani, wakati wewe umeweka mahali pa kunawia nje, karibu na choo. Angalia chandarua kinafungwa juu ya mkeka upi, na ni nani hulala nje yake. Ukiuliza, usiseme "huwa unafanyaje?", kwani hapo utapewa jibu la semina. Sema "jana jioni ilikuwaje?" Zungumza na wanawake peke yao, kupitia mkalimani mwanamke. Ulichoona kiandike mbali na unachofikiri. Majina usiandike kabisa. Daftari likipotea kambini linaweza kumdhuru mtu.

Haya si mambo ya vyoo tu. Oktoba 2000 Ebola ilitangazwa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Waliugua watu 425, wakafa 224. Baadhi ya familia zilificha wagonjwa wao. Barry Hewlett, mwanaanthropolojia aliyeitwa na Shirika la Afya Duniani, alikaa na familia na wazee akasikia sababu. Waliofia wodini walifungwa katika mifuko na kuzikwa haraka karibu na uwanja wa ndege bila ndugu kuwaona, na uvumi ulienea kwamba viungo vyao vinachukuliwa. Alikuta pia kwamba Waacholi walikuwa na kanuni zao za mlipuko, ambao waliuita *gemo*: mgonjwa atengwe katika nyumba yake, mabua mawili marefu yasimikwe mlangoni kama alama, wageni wasiingie, na ahudumiwe na aliyewahi kuugua akapona. Karibu kila kitu ambacho madaktari walikuwa wakihubiri kilikuwapo tayari. Kilichokosekana ni ndugu kuona.

Katika mlipuko wa Kivu Kaskazini uliotangazwa Agosti 2018, shirika la ALIMA lilitumia huko Beni vyumba vya plastiki angavu, kila mgonjwa na chake. Familia ilisimama nje, ikamwona mtu wake na kuongea naye. Chuki haikuisha, na vituo vya matibabu katika eneo hilo vilishambuliwa mwaka 2019, kwa sababu hasira ya huko ilikuwa na mizizi ya vita na siasa ambayo plastiki haiwezi kuing'oa. Lakini angalau mama hakuhitaji tena kubahatisha mwanawe anafanywa nini ndani.

Utaambiwa hakuna muda. Omba siku tatu, kaya nne tu. Kisha rudi kwa kaya zilezile na mfano wa mlango wa choo uliotengenezwa kwa gunia na miti, na umwachie bibi wa nyumba ile autumie usiku, wewe ukiwa haupo. Asubuhi muulize usiku ulikuwaje.