Tozo za simu zilivyokata mtaji wa mkulima mara mbili

MIEZI minne baada ya Serikali ya Awamu ya Sita kuingia madarakani, wakulima na wachuuzi nchini Tanzania walikuta makato mapya kwenye simu zao. Tozo ya miamala, ya kati ya Sh10 na Sh10,000, ilianza Julai 15, 2021.

Serikali ilieleza kuwa fedha hizo zingejenga madarasa, vituo vya afya na barabara za vijijini. Wengi hawakubisha kwamba vinahitajika. Kilichowauma ni kuwa tozo haikuangalia faida. Mnunuzi wa mpunga alikatwa alipomtumia mkulima malipo, na mkulima naye akakatwa alipokwenda kwa wakala kuyatoa. Aliyeuza kwa hasara alikatwa sawa na aliyepata faida.

Baadhi walirudia kubeba fedha taslimu, pamoja na hatari ya kuibiwa. Mawakala wakapoteza wateja na kamisheni.

Malalamiko yalisikika. Septemba 2021 tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka hadi Sh4,000, na mwaka 2023 tozo ya kutuma ikafutwa.

Kuchangia maendeleo ni wajibu wa kila mwananchi. Lakini mkulima akatwe kwenye faida, si kwenye fedha ya mbegu na mbolea.